KAMBA HUKATIKIA PEMBAMBA: SUPACHAJA NI NINI, NA HUFUNGWA VIPI?

Najua kurasa nyingine za jarida hili zimejaa mashairi, vitendawili na insha za methali. Mimi nimeonelea niwapeleke gereji. Wako wanaodhani Kiswahili huishia mlangoni pa gereji, na kwamba ukishafungua boneti huna budi kuzungumza lugha ya wenyewe waliounda gari. Si kweli. Fundi wa Mombasa hufungua injini nzima na kuirudisha kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu.

Sababu ya kuchagua mada hii ni mabishano ya kila siku saa ya mapumziko. Mmoja husema, "Yakhe, lile gari lina supachaja, ndiyo maana lalia vile!" Mwengine hujibu, "Ukiifunga tu, gari lapaa!" Ukiuliza supachaja ni kitu gani hasa, kimya. Wengine waamini ni kama kubandika stika: waipata, waifunga, waondoka. Na kwa kuwa meli hushusha magari Kilindini wiki baada ya wiki, na magari madogo ya spoti ya milango miwili yamo humo humo, jambo hili si ndoto ya mbali. Iko siku mmoja wetu atakuwa na gari hilo, au atakuwa fundi atakayeletewa.

Hoja yangu ni moja, nayo nitaishikilia hadi mwisho. Supachaja yaongeza hewa tu. Nguvu huja pale ambapo kila kitu kinachoipokea hewa ile, kuanzia pistoni hadi breki, chaweza kuihimili. Kisichoweza, hicho ndicho kitakachokatika.

INJINI HUPUMUA

Tuanze na tuliyofundishwa darasani. Injini ya petroli ya gari ina mipigo minne: huvuta hewa na mafuta, hukandamiza, huwasha, kisha hutoa moshi. Pistoni ikishuka, huacha nafasi ndani ya silinda, na hewa ya nje hujisukuma yenyewe kuijaza nafasi ile. Hakuna anayeisukuma ila uzito wa hewa iliyo juu yetu. Hapa pwani, usawa wa bahari, shinikizo la hewa hiyo ni kama baa 1. (Nasema baa ya kupimia, wala si baa la njaa.)

Sasa tufanye hesabu. Chukua injini ya lita 2. Kila ikizunguka mara mbili huvuta lita 2 za hewa. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi huvuta lita 6,000 kwa dakika, yaani lita 100 kwa kila sekunde. Lile pipa kubwa la mafuta mnalolijua ni la lita 200. Kwa hivyo injini ndogo kama hii humeza nusu pipa la hewa kila sekunde.

Hewa hiyo ina uzito. Katika joto la nyuzi 30, lita 100 za hewa ya pwani ni kama gramu 116. Petroli ili iungue sawasawa yahitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta, na dereva akikanyaga hadi mwisho kompyuta huongeza mafuta kidogo zaidi, kama gramu 1 kwa 13 za hewa. Ukipiga hesabu utaona injini yetu yanywa kama vijiko viwili na nusu vya chai vya petroli kila sekunde.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini basi tusiongeze mafuta tu tupate nguvu zaidi? Jibu ni kwamba mafuta yasiyo na hewa hayawaki. Yatatoka moshi mweusi na kuharibu plagi. Mafuta ni rahisi kuongeza, pampu hufanya kazi hiyo. Kilicho kigumu ni hewa, kwa sababu silinda ni ile ile na mbingu ni ile ile.

MIVUKUTO YA CHUMA

Mhunzi alilijua jambo hili kabla ya magari kuzaliwa. Makaa yake hayampi moto wa kuyeyusha chuma hadi apulize kwa mivukuto. Makaa hayaongezeki, bali upepo ndio uliozidi. Supachaja ni mivukuto ya injini. Ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki ya injini yenyewe, na kazi yake ni kuisukumiza hewa ndani kwa nguvu kuliko inavyoweza kuingia yenyewe.

Nduguye supachaja ni tabo. Tabo mwaijua: ni ule mluzi mnaousikia lori likipanda kutoka bandarini na kontena mgongoni. Tofauti yao ni chakula. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka nje, ambao ungepotea bure. Supachaja huzungushwa na mkanda, kwa hivyo hula sehemu ya nguvu za injini ili izalishe nguvu kubwa zaidi. Ni kama mwenye duka: hutoa mtaji kwanza, faida baadaye. Lakini ina sifa yake. Tabo husubiri moshi uwe mwingi ndipo iamke, ilhali supachaja huamka pamoja na injini. Ukikanyaga, umeshapata.

Historia yake ni ndefu. Ndugu wawili wa jina la Roots, huko Connersville, Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, wakati hakuna hata gari moja la petroli duniani. Kilitumika kupuliza tanuri za chuma. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hataza ya kusukumiza hewa ndani ya injini. Alfred Büchi wa Uswisi akapata ya tabo mwaka 1905. Na mwaka 1921 Mercedes walionyesha mjini Berlin magari ya kuuzwa watu yenye supachaja.

Hadi leo supachaja za magari ni za aina kuu tatu. Ya kwanza ni hiyo ya Roots: vyuma viwili vilivyopinda huzunguka vikikaribiana bila kugusana, vikichota hewa na kuisukuma mbele. Ya pili ni ya parafujo pacha, iliyotokana na kazi ya Alf Lysholm wa Sweden katika miaka ya 1930. Hii huikandamiza hewa ndani yake yenyewe kabla ya kuitoa. Ya tatu ina umbo la kombe la konokono. Ndani mna panga boi dogo lizungukalo kwa kasi kubwa mno na kuitupa hewa ukingoni. Mbili za kwanza hutoa nguvu tangu injini ikiwa chini. Ya tatu nguvu zake hupanda kadiri injini inavyopanda.

Na msidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Katika Safari Rally ya mwaka 1986 ndugu hawa wawili walikutana kwenye vumbi letu la Kenya. Toyota Celica yenye tabo ilishinda mikononi mwa Björn Waldegård, naye Markku Alén akamaliza wa tatu na Lancia 037, gari lenye supachaja ya aina ya Roots.

DENI LA KWANZA: JOTO

Sasa tufike penye taabu. Kila aliyewahi kupiga pampu baiskeli ajua kwamba mwisho wa kazi ile pampu yaunguza vidole. Hewa ikikandamizwa hupata moto. Supachaja nayo ni hivo hivo.

Tuseme supachaja yetu yaongeza baa 0.5, yaani hewa ya baa 1 yawa baa 1.5. Hewa iliingia na nyuzi 30. Kwa hesabu ya fizikia, hata pampu isiyo na dosari ingeitoa na nyuzi 67. Pampu za kweli zina dosari, na ikiwa ufanisi wake ni asilimia 60, hewa itatoka na nyuzi 92 hivi. Hiyo yakaribia maji ya chai!

Ubaya wa hewa moto ni mara mbili. Kwanza hutanuka, kwa hivyo ukidhani umeongeza hewa kwa asilimia 50, kumbe umeongeza kama asilimia 24 au 25 tu. Pili, ambalo ni baya zaidi, hewa moto yaweza kuyafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake. Badala ya moto kuanza kwenye plagi na kuenea taratibu, mafuta yaliyobanwa kwenye pembe za silinda hulipuka yenyewe. Utasikia sauti kama mtu agongagonga bati kwa msumari. Hiyo si sauti ya gari kali. Ni sauti ya nyundo juu ya pistoni. Dakika chache za nyundo hiyo zatosha kuivunja pistoni au kuipasua gasketi ya hedi.

Dawa yake ni intakula: ni kama rejeta, lakini hupoza hewa badala ya maji. Hewa ikitoka kwenye supachaja hupitia humo kabla ya kuingia kwenye injini. Ikishuka kutoka nyuzi 92 hadi 50, ongezeko la hewa lapanda kutoka asilimia 24 hadi kama 41. Angalieni basi: hapo hatukuongeza mkazo wowote. Tumepoza tu, na tumepata hewa zaidi. Fundi mmoja wa hapa kisiwani aliniambia maneno nisiyoyasahau. Nilimwuliza, "Ami, supachaja kubwa ndiyo bora?" Akacheka. "Mwanangu, kubwa ya nini? Wewe nitafutie baridi. Upepo wa moto ni mkopo wa riba."

BARA NA PWANI

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama baa 0.82. Hata ukihesabu ubaridi wao, injini ya Nairobi hupata hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko injini ile ile ikiwa Mombasa. Ndiyo maana gari lililotoka hapa likiwa jepesi, likifika juu huanza kuchoka. Mtu wa bara akifunga supachaja, nusu ya anachokipata ni kurudishiwa kile alichonyimwa na mwinuko. Hata ndege za vita vya pili vya dunia zilifungwa supachaja kwa sababu hiyo hiyo, kwani juu hewa ni nyembamba.

Sisi wa kisiwani tumepewa hewa kamili. Tunachokosa ni ubaridi. Miezi ya kaskazi, hasa Machi, jua huwaka na unyevu ukajaa hewani. Ongeza foleni. Gari likikwama Makupa, au kwenye daraja la Nyali, au likingoja feri Likoni, hakuna upepo unaopita kwenye intakula. Chini ya boneti hukusanyika joto. Halafu barabara yafunguka, kijana akanyaga hadi chini ili awaonyeshe watu. Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hewa ya kwanza kumezwa ni ile iliyokuwa ikipikika wakati wa kungoja.

Juu ya hayo pana chumvi. Upepo wa bahari hula mapezi ya intakula na huotesha kutu ya kijani kwenye viunganishi vya waya. Sensa moja ikidanganya kwa sababu ya chumvi, kompyuta yatoa mafuta machache, na mafuta machache wakati wa mkazo ni moto zaidi. Kwa hivyo maagizo yaliyoandikwa kwa nchi ya baridi yasichukuliwe hivi hivi hapa. Yapunguzwe mkazo, na upozaji uongezwe.

MAGARI MAWILI YA MFANO

Tazama tofauti ya gari lililozaliwa na supachaja na gari linalofungwa supachaja baadaye.

Mwaka 1986 Toyota walitoa MR2 yenye supachaja, gari dogo la viti viwili. Injini yake, 4A-GZE, ilikuwa ya sisi 1,587 na nguvu za farasi 145. Hawakuchukua tu injini ya kawaida wakaibandika pampu. Walipunguza uwiano wa mgandamizo hadi 8 kwa 1 ili kuacha nafasi ya hewa ya ziada. Waliweka pistoni zilizofuliwa. Waliweka intakula. Supachaja yenyewe waliipa klachi ya umeme, ili isizunguke bure wakati haihitajiki. Injini ya ukoo huo iliingia pia katika Corolla Levin ya milango miwili.

Sasa tazama Toyota GT86, iliyotengenezwa kuanzia 2012 hadi 2021. Injini yake ni ya lita 2, iliyolala ubavu kwa mtindo wa Subaru, na hutoa nguvu za farasi 200 bila supachaja wala tabo. Uwiano wake wa mgandamizo ni 12.5 kwa 1. Huo ni mkubwa. Wahandisi waliuweza kwa sababu petroli hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe, na ikigeuka mvuke huipoza. Maana yake injini hii tayari imekazwa kama uzi wa gambusi. Kampuni kama HKS ya Japani na Sprintex ya Australia huuza vifaa kamili vya supachaja kwa gari hili, na hufanya kazi vizuri. Lakini nafasi ya kukosea ni ndogo. Ukiukaza zaidi uzi uliokwisha kukazwa, hauongezi sauti, wakatika.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Haya sasa, kazi yenyewe. Nitaeleza kwa utaratibu wa gereji.

Kwanza, pimwa mgonjwa kabla ya upasuaji. Fundi hutoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda. Zikikaribiana, vyema. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, acha mpango mzima urudi kuitengeneza injini kwanza. Hupimwa pia rejeta, pampu ya maji, oili na klachi. Injini iliyochoka ikifungwa supachaja haipati ujana, bali yaharakishiwa kifo.

Pili, mezani humwagwa vifaa vyote na kuhesabiwa: supachaja, breketi zake, puli, mkanda, mabomba ya hewa, intakula, vali ya kurudisha hewa, injekta kubwa zaidi ikihitajika, na programu ya kompyuta ya gari hilo hilo. Kikikosekana kimoja, kazi haianzi. Mazoea ya "tutatafuta mbele ya safari" ndiyo huua magari mengi.

Tatu, hufunguliwa waya wa betri, maji ya rejeta humwagwa, bampa la mbele huteremshwa na njia ya zamani ya hewa hutolewa. Matundu yaliyobaki wazi kwenye injini hufunikwa kwa kitambaa safi. Nati moja ikitumbukia humo, hakuna supachaja itakayokuokoa.

Nne, breketi hufungwa na supachaja huketishwa. Hapa uvumilivu wahitajika. Puli ya supachaja na puli ya krenki lazima zisimame mstari mmoja, na fundi hupima kwa rula ndefu iliyonyooka. Zikipishana hata kidogo, mkanda hutafunwa. Ukilegea, huteleza na kulia. Ukikazwa kupita kiasi, huua bearingi. Boliti nazo hukazwa kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu za mkono.

Tano, intakula hufungwa mbele, mahali papitapo upepo, na mabomba huunganishwa kwa klampu. Kila kiungo ni mlango wa wizi. Hewa ikivuja baada ya kupimwa na sensa, kompyuta yatoa mafuta ya hewa isiyokuwapo, na hesabu yote yaharibika. Vali ya kurudisha hewa hufungwa hapa pia. Kazi yake ni kuipa hewa njia ya kurudi dereva anapoachia, isije ikagonga mlango uliofungwa.

Sita, mafuta na plagi. Turudi kwenye vijiko vyetu. Tulisema injini ya lita 2 hunywa vijiko viwili na nusu kwa sekunde. Hewa ikizidi kwa asilimia 41, na fundi akaongeza mafuta hadi gramu 1 kwa 12 za hewa ili kupoza silinda, sasa yataka karibu vijiko vinne. Pampu na injekta za zamani zisipoweza kutoa vijiko hivyo, injini yawa na hewa nyingi na mafuta kidogo, nalo ndilo jambo linaloyeyusha pistoni. Plagi nazo hubadilishwa, zikawekwa zinazopoa haraka zaidi.

Saba, kompyuta. Hii ndiyo hatua ambayo vijana huiruka kwa sababu haionekani. Programu mpya huiambia kompyuta itoe mafuta kiasi gani na iwashe cheche wakati gani. Wakati wa mkazo cheche hucheleweshwa kidogo ili kuepuka ile nyundo. Kazi hii hufanywa gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, mwenye ujuzi akitazama uwiano wa mafuta na kusikiliza mgongo wa injini. Petroli itumike ya daraja lililotajwa na waliotengeneza programu. Ukijaza ya daraja la chini, umevunja mkataba.

Nane, injini huwashwa na kuachwa bila kukanyagwa. Fundi hutazama oili, maji na petroli, asikilize mkanda, anuse. Baada ya mwendo mfupi huzimwa, ipoe, na kila boliti na klampu ikaguliwe upya. Ndipo hupewa mwenyewe, kwa masharti: siku za mwanzo aende taratibu.

Wavuvi na mabaharia wa Mji wa Kale wangelielewa somo hili lote bila kuona injini. Jahazi ukilipa tanga kubwa zaidi, waupa upepo zaidi, hapo sawa. Lakini tanga lavuta foromali, foromali lavuta henza, henza yavuta mlingoti, na mlingoti umeketi kwenye mkuku. Nahodha mjinga hununua tanga. Nahodha mwerevu hukagua henza kwanza. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, nao hawakuwa na gereji.

DENI LA MWISHO: BARABARA

Tuseme kazi imekwisha na gari lapumua sawasawa. Je, laenda wapi?

Ingia nalo Ndia Kuu, ukapite nyuma ya mkokoteni wa maji na mbele ya tuktuk, watoto watoka chuoni, ukuta huku na baraza huku. Humo farasi 200 na farasi 280 ni sawa, wote watembea na hamali. Toka Fort Jesus hadi Makupa, gia ya tatu hujaimaliza. Ndani ya mji sheria ni kilomita 50 kwa saa, nayo haikuwekwa kwa kukisia. Hebu tuhesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, dereva akichukua sekunde moja kushtuka na breki zikiwa nzuri, husimama baada ya mita 28 hivi. Likienda kilomita 100 kwa saa husimama baada ya mita 83 hivi. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya mgongano yaongezeka mara nne, kwani huenda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Supachaja yaweza kukufikisha kwenye mita 83 kwa muda mfupi zaidi. Haikupi hata mita moja ya kusimamia.

Ndiyo sababu fundi mwaminifu akiulizwa bei ya supachaja hujibu kwa swali: "Breki zako vipi? Matairi je?" Padi za breki zinazostahimili joto, mafuta mapya ya breki na matairi mazima si mapambo. Ni sehemu ya kazi ile ile, kama vile henza ilivyo sehemu ya tanga.

Na yapo ya karatasi. Mabadiliko makubwa ya gari lazima yafikishwe NTSA ili kumbukumbu zake zilingane na gari lenyewe, na kampuni ya bima iambiwe. Mwenye gari aliyenyamaza aweza kujikuta siku ya ajali hana bima, huku aliyeumia ni mpita njia aliyekuwa akivuka kwenda dukani. Hapo deni halimwangukii mwenye supachaja peke yake.

TAMATI

Sikuandika haya niwakataze. Supachaja ni chombo cha ajabu, na kijana anayeweza kuifunga kwa ukamilifu amejifunza fizikia, hesabu, umeme na subira kwa pamoja. Fundi wa namna hiyo hakosi kazi, iwe hapa, Nairobi au ng'ambo ya bahari. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, nasi kisiwani tuna bandari, tuna magari, tuna mafundi. Kilichobaki ni kusoma.

Basi ndugu yangu, siku ukisikia tena saa ya mapumziko kwamba gari fulani "lapaa" kwa sababu ya supachaja, usibishe. Muulize tu mwenzako maswali matano: hewa yapozwa na nini? Mafuta yatoka injekta gani? Kompyuta imeelezwa na nani? Breki zimebadilishwa? Bima yajua? Akijibu yote matano, mpe mkono, huyo ni fundi. Akikwama kwenye moja, basi mwonyeshe hapo hapo, kwani hapo ndipo kamba ilipo pembamba.

Nimefika mwisho wa ukurasa wangu. Kwa walimu wa fizikia, nawaomba radhi kwa kuwaibia somo. Kwa wanachama wenzangu, mwakani mmoja wenu atuandikie juu ya mashine ya boti. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.